Mchoro Uliosoma Hadithi

Anayeandika hadithi za mashabiki haandiki kwa ujira. Humchukua Spock wa tamthilia ya Star Trek, au mpelelezi Sherlock Holmes, au Naruto wa katuni za Kijapani, akamtungia kisa ambacho mwenye mhusika hakukitunga, akakihariri usiku baada ya kazi za mchana, akakiweka mtandaoni bure, kisha akangoja. Anachongoja ni kusomwa. Kwenye Archive of Our Own, maktaba ya mtandaoni inayoendeshwa na mashabiki wenyewe tangu Novemba 2009, msomaji anaweza kubonyeza kitufe cha pongezi bila kuandika neno, na walio wengi hubonyeza wakapita zao. Wachache huacha mistari miwili mitatu. Mara moja moja hutokea msomaji anayerudi na mchoro.

Msomaji huyo ndiye ninayemwandikia sura hii, pamoja na yule ambaye angependa kuwa yeye lakini anajizuia kwa kuamini kwamba mkono wake haujakomaa. Kukomaa kwa mkono kuna thamani yake, na sitaidharau. Lakini mchoro unaochorwa ili apewe mwandishi unapimwa kwa kipimo kingine kabla ya hicho: je, aliyeuchora alisoma? Mwandishi ataligundua jibu mara tu atakapoutazama, kwa sababu yeye peke yake anajua alichokiweka ndani ya hadithi na ni wapi alikificha.

Aliyewahi kukaa kwenye onyesho la taarab anajua jinsi watu wanavyomtunza mwimbaji. Shabiki hainuki ovyo. Hukaa akasikiliza, na ufikapo ubeti unaomgusa yeye na yaliyomfika, ndipo huinuka, akaenda akicheza taratibu na noti mkononi hadi jukwaani. Ukumbi mzima unaona ni maneno gani yaliyomwinua. Mwimbaji naye anaona. Mchoro wa zawadi hufanya kazi ileile: humwonyesha mwandishi ni mstari upi uliomwinua mtu kitini.

Desturi hii ina umri mkubwa kuliko intaneti. Star Trek ilianza kurushwa na kituo cha NBC cha Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Mwaka mmoja baadaye, Septemba 1967, Devra Langsam na Sherna Comerford walitoa Spockanalia, jarida la kwanza la mashabiki lililohusu tamthilia hiyo peke yake. Mlikuwa na makala, mashairi, hadithi, michoro, na barua ya Leonard Nimoy mwenyewe, aliyeigiza Spock. Jarida hilo, na mengine mengi yaliyolifuata, lilitolewa kwa mashine ya kurudufu. Waliosoma shule Afrika Mashariki kabla ya kompyuta kuenea wanaikumbuka harufu ya wino wa mashine hiyo, maana mitihani yao ilitoka humo.

Inafaa kukumbuka mashine hiyo ilimdai nini mchoraji. Kila ukurasa ulianza na stensili, karatasi nyembamba iliyopakwa nta. Taipureta ilipigwa bila utepe ili herufi zikate nta, na wino ukapenya pale palipokatwa. Mchoro nao ulipaswa kuchongwa juu ya nta hiyo kwa kalamu yenye ncha ya chuma, stensili ikiwa imelazwa juu ya kibao. Mstari uliokosewa ulizibwa kwa dawa maalumu na kuchongwa tena, na kwa kawaida kovu lilionekana. Mchoraji akitaka weusi mpana, stensili ilichanika, au wino ulipita kwa wingi na kulowesha ukurasa. Basi wakajifunza kusema mengi kwa mistari myembamba na vidoto. Kivuli cha shavu kilikuwa vidoto. Anga la usiku, vidoto. Mtu alikesha akidonoa nta kwa ajili ya hadithi ya mtu mwingine, na malipo yake yalikuwa nakala moja ya jarida, sawa na malipo ya aliyeandika hadithi. Jarida lenyewe liliuzwa kwa bei ya kurudisha gharama za karatasi, wino na stempu.

Hata kumpata Spock wa kumtazama ilikuwa kazi. Mashine za video za nyumbani zilienea baada ya 1975, kwa hiyo hakukuwa na njia ya kuisimamisha tamthilia ili uhesabu mikunjo ya shati. Mashabiki waliweka kamera mbele ya televisheni wakapiga picha kioo. Walikata picha za magazetini. Waliagiza kwa posta vipande vya filamu kutoka Lincoln Enterprises, kampuni ya Gene Roddenberry, mbunifu wa Star Trek. Vilikuwa vipande halisi vilivyokatwa kutoka filamu iliyopigwa studioni, kimoja kimoja kidogo kuliko kiberiti, ukakiinua dhidi ya taa ili uone sura ya mtu. Kutokana na vipande hivyo mchoraji alijenga kichwa, mabega, na namna Spock anavyofunga mikono nyuma.

Kilichonivutia zaidi katika utaratibu wa majarida hayo ni nafasi ya mchoraji. Mhariri akishaipokea hadithi, aliipeleka kwa mchoraji ikiwa bado mswada. Mchoraji alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kuisoma, na mwandishi alipopata jarida lake kwa posta, ndipo alipojua msomaji huyo alisimama wapi. Leo mashabiki wana mashindano ya kirafiki yanayofuata utaratibu wa karibu na huo: waandishi huandika hadithi ndefu kwa muda uliowekwa, wachoraji hupewa muhtasari usio na jina la mwandishi, kila mmoja huchagua wa kumchorea, na siku ya kutoa kazi mbili hizo hutoka pamoja. Lakini michoro mingi ya zawadi haina mratibu wala tarehe ya mwisho. Huanza pale mtu anapofika mwisho wa sura ya kumi na moja saa nane za usiku na kushindwa kulala.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, na kazi huanza kwa kuchagua tukio. Nitatumia hadithi ya kubuni ili tuwe na kitu cha kushika. Tuseme shabiki ameandika juu ya utoto wa Spock. Tamthilia ilishatueleza kwamba baba yake, Sarek, ni Mvulcan, mmoja wa watu wanaojifunza kutawala hisia zao, na mama yake, Amanda, ni binadamu aliyekuwa mwalimu. Na kwamba Spock alipochagua kwenda kuwa mwanajeshi wa anga, baba na mwana hawakuzungumza kama baba na mwana kwa miaka 18. Mwandishi wetu hakuridhika na hayo. Amebuni nyumba yenye joto, dhoruba ya mchanga nje, na taa ya buluu iliyopasuka kioo upande mmoja. Amanda anashona mkono wa joho la mwanawe kwa sindano, ingawa kuna mashine ya kufanya hivyo. Mtoto amefungua kitabu, lakini hasomi; anahesabu mishono ya mama yake. Hadithi inaendelea kwa sura nyingi, na mwishoni kuna siku ya kuondoka, baba akiwa amegeuza mgongo.

Wachoraji wengi wangekimbilia siku ya kuondoka. Ni tukio kubwa, lina machozi, lina sare. Nami nasema waliache. Tukio hilo ni la tamthilia. Kila shabiki ameshaliona kichwani kabla ya kusoma hadithi hii, na mchoro wake ungeweza kubandikwa kwenye hadithi nyingine mia bila mtu kushtuka. Taa ya buluu yenye kioo kilichopasuka haipo mahali pengine popote. Mishono ile pia. Mwandishi aliyekaa akafikiri kwamba mtoto wa namna hii angeonyesha upendo kwa kuhesabu, alitoa hapo kitu kilicho chake kabisa, na huenda hakuna hata mtoa maoni mmoja aliyekitaja. Mchore mtoto akihesabu mishono, na mwandishi atajua kwamba umefika hadi chumba cha ndani.

Hiyo ndiyo kanuni pekee ninayoishikilia kwa nguvu katika sura hii: chora kile ambacho ni mwandishi huyu tu aliyekiandika.

Ukishachagua, soma tena tukio hilo ukiwa na karatasi pembeni. Taa iko mezani au imening'inia? Amanda anashona kwa mkono gani? Mtoto ana umri gani, na je, miguu yake inafika chini akikaa? Andiko likisema, litii. Likinyamaza, una uhuru wako, na ni vizuri kuutumia, kwa sababu mwandishi hufurahi pia kuona msomaji amejaza pengo kwa busara. Ikiwa taa ni ya buluu katika sura ya pili na ya kijani katika sura ya tisa, fuata sura unayoichora wala usimtajie kosa lake siku ya kumpa zawadi.

Kisha jiulize ni jicho la nani linalosimulia. Swali hili halipewi uzito unaostahili, nalo ndilo linalotofautisha mchoraji aliyesoma na aliyepitia juu juu. Kama hadithi inasimuliwa kupitia kwa mtoto, basi mchoro unaotazama chumba kutoka juu, kama mtu mzima aliyesimama mlangoni, umeshaisaliti hadithi kabla ya mstari wa pili. Shusha jicho. Weka ukingo wa meza juu, karibu na kidevu cha mtazamaji. Mikono ya mama iwe mikubwa na ya karibu, sindano ipate mwanga, na uso wake nusu ubaki nje ya duara la taa, kwa sababu mtoto haangalii uso. Mtazamaji asiyeijua hadithi ataona mama anashona. Aliyeisoma ataona kwamba yuko ndani ya kichwa cha Spock.

Kuhesabu hakuchoreki. Hapo ndipo raha ya kazi ilipo, maana neno moja la mwandishi linahitaji kutafutiwa mwili. Ukiamua kumweka mtoto ndani ya picha, unaweza kuyapandisha macho yake juu ya ukingo wa kitabu. Unaweza kumfanya ameshika ukurasa nusu, ameusahau hewani. Ukizidisha, ukamwekea midomo inayotamka namba, umemtoa kwenye malezi yake. Mtoto wa Vulcan angejificha vizuri zaidi ya hapo. Kila jaribio kama hilo linakurudisha kwenye andiko kuuliza: huyu angefanya hivi? Mwandishi alijiuliza swali hilohilo alipokuwa akiandika. Mpo wawili sasa mnaolijadili, ingawa mmoja hajui bado.

Kuhusu sura za waigizaji, mashabiki wanaoanza huteseka sana, na nadhani wanateseka pasipostahili. Michoro mingi ya majarida ya zamani ni nyuso tupu zinazomtazama msomaji, zimenakiliwa kwa uangalifu kutoka picha za matangazo. Zinapendeza, lakini zinamchora Leonard Nimoy zaidi ya mhusika wa hadithi. Picha ya matangazo huja na mwanga wake wa studio na mkao wake. Ukiinakili nzima, uso utapata mwanga kutoka kulia wakati taa ya buluu iko kushoto, na mtazamaji ataona kuna uongo hata asipoweza kusema uko wapi. Spock anatambulika kwa mambo machache: masikio yaliyochongoka, nyusi zinazopanda, nywele zilizokatwa mstari mmoja juu ya paji. Ukivipata hivyo, vilivyobaki viongozwe na tukio. Kwa mtoto ndio kabisa: mpe masikio, nyusi na nywele, kisha mpe utoto.

Kuna upande wa pili wa nguvu ya mchoro ambao mchoraji anapaswa kuujua. Sidney Paget alipoanza kumchora Sherlock Holmes katika jarida la The Strand mwaka 1891, alimvisha kofia ya wawindaji yenye masikio katika kisa cha bonde la Boscombe. Arthur Conan Doyle, mtunzi wa Holmes, aliandika tu kwamba Holmes alivaa kofia ya kitambaa inayobana kichwa. Kofia ya Paget ndiyo iliyoshinda, na leo mtu ambaye hajasoma hata ukurasa mmoja wa Doyle anaijua. Doyle alikuwa amemwazia mtu mwenye sura ngumu zaidi. Inasemekana Paget alimtumia ndugu yake kama kielelezo, na Holmes akawa mtanashati. Doyle mwenyewe aliyaeleza haya katika kumbukumbu zake za 1924, bila kinyongo. Mchoro mmoja mzuri huweza kukaa katika vichwa vya wasomaji kuliko maneno, na kwa hadithi ya shabiki, ambayo haina mchapishaji wala mabango, mchoro wako unaweza kuwa ndio pekee itakaoupata maishani. Wasomaji watakaokuja baadaye wataona taa ya buluu kama ulivyoiweka wewe. Ndiyo maana nasisitiza kusoma.

Vifaa nitavipita haraka. Penseli na daftari vinatosha. Naruto amechorwa kwa kalamu ya Bic nyuma ya madaftari ya shule kwa ustadi ambao ungemwaibisha mwenye tableti ya gharama. Piga picha mchoro wako karibu na dirisha mchana, karatasi ikiwa imenyooka na kivuli cha simu kikiwa nje. Ukitaka rangi za kidijitali, Krita ni programu ya bure kwenye kompyuta, na ibisPaint inafanya kazi kwenye simu za kawaida. Weka mistari kwenye leya yake na rangi kwenye nyingine, ili mwandishi akikuambia kwamba koti lilikuwa jekundu usilazimike kuanza upya.

Ruhusa inahitaji maneno zaidi. Waandishi wengi wa hadithi za mashabiki huandika kwenye ukurasa wao wa utambulisho kwamba yeyote anaweza kuchora, kutafsiri au kusoma kwa sauti kazi zao bila kuomba, mradi awataje. Tafuta tamko hilo kwanza. Lisipokuwepo, chora kwa amani, kwani hakuna anayemkataza mtu kuchora chumbani kwake, lakini mwonyeshe mwandishi faraghani kabla ya kuuonyesha umma. Wapo wanaoandika kwa jina la siri, familia na waajiri wao hawajui, na hawapendi hadithi yao ivute macho ghafla. Wapo wenye hadithi zenye mapenzi ya watu wazima au ukatili. Maneno humwingiza msomaji hatua kwa hatua, naye anaweza kurudi nyuma. Picha hufika yote kwa mara moja. Basi kama tukio ni la namna hiyo, weka onyo mbele ya mchoro kama mwandishi alivyoweka mbele ya hadithi. Na kama umechora mwisho, usiuweke mahali ambapo msomaji mpya atauona kabla hajaanza sura ya kwanza.

Archive of Our Own ina njia mbili zilizotengenezwa kwa ajili ya jambo hili hasa. Unaweza kuandika kwamba kazi yako imetokana na kazi fulani, na mwandishi akikubali, kiungo cha mchoro wako huonekana kwenye hadithi yake. Unaweza pia kuiandikisha kama zawadi kwa jina lake, naye ana haki ya kuikataa, haki ambayo naiona ni ya lazima. Picha yenyewe haihifadhiwi hapo. Unaiweka mahali pengine na kuiunganisha, kwa hiyo tunza nakala yako ya ukubwa kamili. Chini ya picha andika maelezo mafupi ya kinachoonekana, kwa ajili ya wasomaji wasioona wanaotumia programu za kusoma kwa sauti. Maelezo hayo yana faida ya pili: yakikushinda kuandika, huenda mchoro wenyewe haujaamua unasema nini.

Maktaba hiyo ina Kiswahili katika orodha ya lugha zake, na milango iko wazi kwa anayetaka kuijaza. Lakini msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa hahitaji kwenda mbali kiasi hicho ili apate mwandishi wa kumchorea. Kila siku simulizi za Kiswahili hutolewa kwa vipande kwenye Facebook na makundi ya WhatsApp, sehemu ya kwanza, ya pili, ya arobaini, na wasomaji hulalamika ikichelewa. Nyingi hubandikwa picha ya mwanamitindo asiyejulikana, iliyookotwa mtandaoni, isiyohusiana na kisa. Kisha simulizi husambazwa kutoka kundi hadi kundi, na njiani jina la mwandishi hudondoka. Mchoro uliochorwa kwa ajili ya simulizi hiyo, wenye jina la simulizi na jina la mwandishi vilivyoandikwa ndani ya picha yenyewe, husafiri nayo na kusema ni ya nani. Sijui zawadi yenye manufaa zaidi kwa mwandishi wa simulizi hizo.

Kuhusu fedha, mashabiki wana mazoea ya muda mrefu: mchoraji huweza kuuza nakala za michoro kwenye meza za mikutano ya mashabiki, au kuchora kwa oda, lakini hadithi za mashabiki hutolewa bure, kwa sababu ya hofu ya sheria za hakimiliki na kwa sababu wengi wanataka iwe hivyo. Wapo wasomaji wasioweza kuchora ambao humlipa mchoraji ili amchoree mwandishi wanayempenda. Ni zawadi halali, mradi mchoraji naye apewe hadithi aisome. Kumpa picha tatu za mwigizaji na maagizo ya mstari mmoja hakutazaa taa ya buluu.

Na kwa sababu hiyohiyo nasimama dhidi ya kumpa mwandishi picha iliyotolewa na programu ya akili bandia. Tangu 2022 programu hizo zimekuwa mikononi mwa kila mtu, na zinaweza kutoa Spock mtoto mwenye ngozi laini na taa nzuri kwa muda mfupi kuliko wa kuchonga penseli. Lakini zawadi hii ilikuwa ni saa za mtu aliyekaa na maneno ya mwenzake, akayarudia, akayatafutia mkono na mwanga. Mwandishi anayepokea picha ya programu anapokea rangi. Ile sehemu ya kusomwa, ambayo ndiyo aliyokuwa akiingoja, haimo. Wengi hujibu kwa adabu. Mioyoni huumia, na naelewa kwa nini.

Imebaki kusema juu ya baada ya kutoa. Mwaka 1925 mwanazuoni Mfaransa Marcel Mauss aliandika insha mashuhuri kuhusu zawadi, akaeleza kwamba katika jamii nyingi kuna mambo matatu yanayombana mtu: kutoa, kupokea, na kurudisha. Mtafiti wa Marekani Karen Hellekson aliyachukua matatu hayo mwaka 2009 ili kueleza jinsi mashabiki wa mtandaoni wanavyoshikamana bila fedha kupita kati yao. Ukiutazama mchoro kwa macho hayo, utaona kwamba haukuanzisha chochote. Mwandishi ndiye aliyetoa kwanza. Mchoro ni marudisho. Hili ni muhimu kulijua usiku ule unapongoja jibu lake. Hakudai, na hadaiwi. Baadhi ya waandishi hujibu kwa aya tano, wengine kwa neno moja kwa sababu wamezidiwa, wengine waliacha kuandika miaka minne iliyopita na watauona mchoro mwakani, au wasiuone. Kurudisha kwao mara nyingi huenda kwa mtu mwingine: sura mpya, hadithi ya kumwandikia rafiki, maneno ya kumtia moyo anayeanza.

Unapotuma, usiombe radhi kwa mchoro wako. Waandishi hupokea michoro mingi iliyofunikwa kwa maneno ya kujishusha, na kila neno la namna hiyo huwalazimisha kukubembeleza badala ya kutazama. Taja sura, taja mstari. Sema kwamba ulipofika pale mtoto anapohesabu mishono, uliacha kusoma ukatafuta penseli. Mwambie mwandishi ulihesabu naye ukafika ngapi, kisha ambatisha mchoro.